Kikaango cha Masista

Nilipostaafu ualimu, wenzangu wote walianza kufuga kuku wa mayai, wakanishauri na mimi nifuge. Nikawaambia nimefundisha Sayansi Kimu tangu nina nywele nyeusi, nimelea watoto wa watu wa kutosha, sasa nataka kitu kisichopiga kelele wala kuugua kideri. Mungu alinisikia, akaniletea vyungu vya chuma.

Vililetwa na mkokoteni. Hapa Kalangalala, mjini Geita, wanunuzi wa chuma chakavu hupita asubuhi wakigonga kipande cha nondo, wakiita watu watoe betri zilizokufa na fremu za baiskeli. Siku moja nilikuwa nafagia uwanja nikaona, kati ya rejeta na mguu wa cherehani, chungu cha miguu mitatu kimelala kifudifudi. Nilikijua hapo hapo. Bibi yangu kule Shinyanga alikuwa na cha namna ile, alichoachiwa na familia moja iliyohama kutoka nyumba za mgodi wa almasi. Ni kile chuma kizito kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ukikipiga nyundo hakibonyei, kinapasuka. Nikamsimamisha mwenye mkokoteni, tukabishana, nikakibeba mwenyewe hadi ndani, na mgongo ukaniuma siku mbili.

Kufufua chombo cha aina hiyo si kazi ya mtu mwenye haraka. Unakiloweka kwenye maji ya kostiki, ile ya watengeneza sabuni, mpaka masizi na mafuta ya miaka yote yaachie. Kutu unaitoa kwa siki na stiliwaya hadi chuma kibaki kijivu. Ukishakikausha motoni unakipaka mafuta ya pamba, kidogo tu, unakifunika juu ya makaa, na unarudia mara nne au tano mpaka kiwe cheusi cha kuteleza. Wako wanaosema mafuta mengine hufanya kazi vizuri zaidi. Mimi natumia ya pamba, na sitaki kusikia habari za mtu ambaye hakukulia Shinyanga.

Lakini sifa yangu haikuwa kusugua. Sifa yangu ilikuwa kukagua. Jumamosi watu walikuja na vyombo vyao vimefungwa kwenye magazeti, nami nikakaa kibarazani na miwani yangu. Chombo nilikining'iniza kwenye kidole kimoja, nikakigonga kwa kifundo cha kidole kingine. Kizima hulia kengele, chenye ufa hulia kopo. Ukitaka kuuona ufa wenyewe, unapaka mafuta ya taa, unafuta, unasugua chaki juu yake. Baada ya muda mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hujitokeza kwenye chaki, mstari mzima. Kisha nilikiweka juu ya kioo cha dirisha nione kama kinayumba. Mwisho nilipitisha dole gumba ndani yake, taratibu, nimefumba macho. Kufumba macho hakukuwa na kazi yoyote. Niligundua tu kwamba nikifumba, watu wananyamaza.

Na watu wenyewe, nitawaambia nini? Alikuja mke wa mnunuzi mmoja wa dhahabu, mwenye nyumba yenye majiko mawili: la ndani lina sufuria zisizogandisha, na stika zake bado zimebandikwa, na la nje ndiko wanakopikia. Alitaka chungu cha chuma cha kuweka sebuleni kando ya televisheni. Nikamuuliza kama atakipikia. Akanitazama kama nimemwuliza kama anapikia televisheni. Kisha alikuja kijana kutoka Dar, simu mkononi, akiupiga picha hata ukuta wangu. "Mama," akaniuliza, "hiki kina stori gani?" Nikamjibu hakina stori, kina ukubwa. Akasikitika, akaondoka mikono mitupu.

Hapo nikajifunza. Aliyefuata nilimwambia chungu chake huenda kilikuwa cha mzungu wa reli. "Huenda" lile nililitamka kwa sauti ndogo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vyangu vilikuwa vizuri, lakini sikuona ubaya vikitembezwa kidogo. Katika muda mfupi Geita nzima ikawa na vyungu vya wamisionari na vikaango vya magavana. Mtu mmoja tu hakuvutwa na hayo. Ni mama mmoja mzee, wa familia ya Kihindi yenye duka mjini ninakonunua siki. Nilimwomba nikague tawa lao la chapati, jeusi, zee kuliko sisi wote wawili. Akacheka. "Mwalimu, sisi tunapikia tu." Siku ile nilimwona hana elimu.

Sasa nifike kwenye kikaango chenyewe. Dada yangu mkubwa anakaa Masumbwe, ni mjane, na mwaka ule alimaliza kuezeka nyumba yake kwa bati. Sherehe ya kuhamia ilipangwa, mchungaji akaalikwa, nami nikataka kwenda na zawadi ambayo hakuna mtu mwingine angekuja nayo. Mkokoteni ukaniletea. Kilikuwa kikaango kipana, chenye mkono mrefu, tundu la kukitundikia limepanuliwa kwa msumari, na ndani kina gamba gumu la kijivujivu ambalo sikuwahi kuliona kwenye chombo kingine. Nikamuuliza mwenye mkokoteni kimetoka wapi. Akasema, "Huko machimboni." Nilimsikia vizuri sana. Ila nilikwisha kukigonga, na sauti yake ilikuwa tamu mno, na Geita hii kila kitu kimetoka machimboni, hata mabenchi ya makanisa. Nikakiloweka.

Siku ya sherehe nilisimama mbele ya watu nikakiinua juu. Nikasema kikaango hiki kilikuwa cha misheni, masista wa zamani walikuwa wakikaangia mayai humu. Wale masista walitoka wapi, sijui mpaka leo. Walikuja wenyewe mdomoni. Kanisa la dada halina masista hata mmoja, lakini mchungaji alipiga makofi, na dada akakipokea kwa mikono miwili huku machozi yanamlengalenga.

Ndipo binamu yetu aliponyanyuka. Huyu ni mtoto wa shangazi, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Kwenye sherehe asipokutania, watu huulizana mmegombana nini. Huniita mke wake mzee, nami humwita mume wangu asiyetoa mahari. Miaka mingi alikuwa mchimbaji, na alikuwa ameacha karibuni tu. Alikichukua kikaango mikononi mwa dada, akakigeuza, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akapiga kelele:

"Jamani! Hiki si changu hiki? Tundu hili nimetoboa mimi! Humu nimechomea dhahabu miaka yote! Masista gani? Sista ni mimi! Mkila humu mtatema zebaki!"

Kwa asiyejua, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga waliouosha ili ishike chembe za dhahabu, kisha huichoma juu ya chombo cha chuma. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Ni sumu, wote tunajua ni sumu, na wote tuna ndugu anayechoma uani.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nikamjibu, "Wewe dhahabu uliiona wapi? Ulichomea mahindi!" Vigelegele. Akasema, "Haki ya Mungu nawaambia." Tukacheka zaidi, maana mtani akiapa ndiyo utani umekolea. Mwishoni naye akacheka, akarudisha kikaango, akaenda kula pilau. Niliona nimemshinda, na usiniulize nilifurahi kiasi gani.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilimkuta binamu kwenye kibanda cha chai karibu na hospitali. Kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi mwake, chai inamwagikia suruali. Nikaanza kama kawaida yetu: "Mume wangu, leo unacheza ngoma na kikombe?"

Hakurudisha. Alikiweka kikombe chini kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, kaa."

Tangu tuzaliwe alikuwa hajawahi kuniita Mwalimu. Nikakaa.

"Dada bado anakipikia kile kikaango?"

"Kila siku. Karanga, mayai, samaki."

"Daktari ameniambia mikono hii ni zebaki. Mimi niliipumua, ile miaka nachoma. Lakini nimemuuliza habari ya chombo, akaniambia chombo kilichochomewa vile hakipikiwi tena chakula, hata ukioshe vipi. Nilikiuza kwa chuma chakavu nikijua kitayeyushwa. Kumbe kilikwenda kwako kikarembwa."

"Ungenivuta pembeni siku ile ukaniambia!"

"Nikuvute pembeni, mke wangu mzee? Watu wangecheka mpaka wafe. Mimi nilisema. Nyie ndio mliocheka. Kwako wewe sina mdomo mwingine ila wa utani."

Nilirudi nyumbani nikatoa kikaango kingine kilichokuwa kinasubiri mteja, nikakigonga, nikakipaka mafuta ya taa, nikasugua chaki, nikapitisha dole gumba. Macho nilikuwa nimeyafumba, na hapakuwa na mtu wa kunyamaza. Chaki yangu inajua nyufa, na kidole kinajua mikwaruzo. Zebaki hakuna hata kimoja kinachoijua. Nikakumbuka nilivyokisugua kikaango cha dada kwa mikono mitupu, nilivyokiinamia juu ya makaa nikikinusa kama mboga. Nikaogopa kwa ajili yangu, kisha nikawakumbuka wajukuu wawili wanaolelewa na dada, nikaona aibu kwamba nilianza na mimi.

Kesho yake nilipanda basi la Masumbwe. Nilimkuta dada chini ya upenu wa jiko anakaanga karanga, kikaango kinang'aa, na wanawake watatu wa kwaya wamekaa kwenye mkeka wakibangua nyingine kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona bila taarifa? Nani kafa?"

Nilikuwa nimekwenda na kikaango kipya cha dukani. Nikamwambia nimemletea hiki, chepesi, kinafaa mikono ya mtu mzima, kile kizito nitakichukua. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwalimu kapata mteja." Mwingine akasema, "Mzungu." Dada akaendelea kugeuza karanga zake.

"Kikaango cha masista hakitoki hapa," akasema. "Kikundi kizima kinakiazima. Kimekwenda misiba mitatu na ubatizo."

Nikamwomba tuingie ndani. Nikamweleza yote, ya binamu, ya mikono yake, ya daktari. Akanisikiliza amesimama.

"Huo ni utani wa binamu. Alishausema mbele ya watu."

"Si utani, dada."

"Na masista je?"

"Masista niliwatunga."

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kitanda, akauliza kwa upole, "Sasa mdogo wangu, nishike uongo upi? Wa siku ile au wa leo?"

Nikamwambia hilo si la kubishana, tukichukue tu, tukifukie nyuma ya nyumba, watu waambiwe kimeibwa.

"Mtoto wa jirani anatapika tangu Jumatatu," dada akasema. "Alikula karanga zangu. Mama yake hanisalimii. Anapita hapo na ndoo yake kana kwamba hapa hakai mtu. Jana alipita na wifi yake, wakanyamaza walipofika kwenye uzio wangu wa minyaa, wakaanza kuongea walipopita."

Kila mtu wa kwetu anajua maana yake: wameshaanza kumwita mchawi. Mwanamke mzee mjane, macho mekundu kwa moshi wa jiko, na mtoto wa jirani anaumwa: huko vijijini wamekufa wanawake kwa hayo matatu tu, bila hata la nne. Mimi nilikuja na la nne mkobani. Ningetamka neno sumu pale nje, kwenye mkeka, bila kusema limetoka wapi, ningemmaliza dada yangu kwa mdomo huu huu uliomsifia.

"Nikikificha leo," dada akaendelea, "kesho watauliza kiko wapi. Mtoto anaumwa, bibi kaficha kikaango! Hapana. Ulikisifia mbele ya watu. Nenda ukakiumbue mbele ya watu."

Akatoka yeye kwanza, akawaita majirani kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayealika chakula. Yule mama wa mtoto alikuja, akasimama nje ya minyaa, mikono kaifunga kifuani.

Nimesimama mbele ya madarasa na mbele ya wakaguzi, na siku zote nilikuwa na la kusema. Siku ile nilisahau hata kusalimia. Nikawaambia hapakuwa na masista. Nikawaambia kikaango kilitoka kwenye mkokoteni wa chuma chakavu, kwamba mwenye mkokoteni alinitajia machimboni na mimi nikajifanya sikusikia, kwamba kilichomewa dhahabu kwa zebaki na ile sumu huenda bado imo ndani ya chuma. Dada yangu hakujua. Binamu alitamka mbele ya mchungaji na mimi ndiye niliyewachekesha. "Mwenye kosa ni mimi," nikasema. "Mimi peke yangu. Mambo ya vyombo hivi nayajua nusu, na nusu nyingine nilikuwa nawatungia."

Sasa, mimi ilinichukua miaka kuwaaminisha watu kwamba najua kitu. Kuwaaminisha kwamba sijui ilichukua muda wa kumenya ndizi. Hakuna aliyebisha! Hakuna hata mmoja aliyesema, hapana Mwalimu, unajishusha. Mwanamke wa kwaya akainua mkono kama yuko darasani.

"Na chungu cha mama mchungaji, ulichosema cha mzungu wa reli?"

"Sijui kimetoka wapi. Akilete nikitafutie ukweli."

"Na ulivyokuwa unafumba macho?"

"Mbwembwe."

Wakacheka, na kicheko kile nilikistahili chote. Nikaomba shoka. Nilizimwaga chini karanga zote, nikakilaza kikaango kwenye jiwe, nikakipiga kwa kisogo cha shoka. Kililia kengele safi, chombo kizima kisicho na doa, na naona haya kusema kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikapiga tena. Mara ya tatu kikapasuka vipande vinne. Nikavifunga kwenye kiroba nirudi navyo mwenyewe, visije vikapanda mkokoteni mwingine.

Yule mama akauliza kutoka nje ya minyaa, "Mwanangu je?"

Nikamwambia kesho yake twende wote hospitali, yeye na mtoto na wajukuu wa dada, na mimi nitakaa nao kwenye foleni. Tulikwenda. Bado tunarudi kwa vipimo kila tunapoitwa, na watoto wanacheza. Daktari alisema kutapika kule huenda ni maembe mabichi, lakini hakuapa, na mimi simlazimishi mtu tena kuwa na uhakika. Siku ile, hata hivyo, hakuna kati yetu aliyejua lolote, na mama yule alikuwa na kila sababu ya kugeuka aende zake.

Hakugeuka. Alizunguka minyaa akaingia uani, akapita mbele yangu bila kunitazama, akafika pale dada alipokuwa amesimama mlangoni na mikono ndani ya kanga. Akapiga magoti kidogo, kama tunavyofanya kwa wakubwa wetu.

"Shikamoo, mama."

Dada akatoa mkono mmoja ndani ya kanga, akamgusa bega.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akageuka haraka kuingia jikoni, na sote tuliokuwa uani tukamsikia analia.